Wa Kitanda cha Juu Ndiye wa Kwanza Kujua

Hotuba kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wiki ya maelekezo, Dar es Salaam

Ndugu Mshauri wa Wanafunzi, waheshimiwa viongozi wa serikali ya wanafunzi, wadeni wa mabweni, walimu wetu, na ninyi wanangu mlioingia mjini juzi hata tiketi za basi hamjazitupa: itifaki imezingatiwa. Habari za asubuhi?

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie "madhara ya dawa za kulevya". Nimeisoma, nikaikunja, nikaitia kwenye pochi. Madhara mnayajua. Tangu shule ya msingi mmeyaona yamechorwa ukutani: fuvu la kichwa, bomba la sindano, mtu amekonda kama ufito amelala kando ya mtaro. Picha ile ingekuwa inazuia watu, mimi ningeshapangiwa kazi nyingine.

Mimi ni muuguzi wa dirisha la methadoni, dawa ya kunywa wanayotibiwa waraibu wa heroini. Kwa asiyewahi kuliona, ni dirisha kama la kukatia tiketi. Watu wanapanga foleni tangu asubuhi. Anakuja mmoja mmoja, natazama kitambulisho, napima dozi yake, namimina kwenye kikombe cha plastiki, anakunywa mbele ya macho yangu. Akishakunywa namwambia, "Haya, nisalimie." Msidhani nina njaa ya salamu. Aliyebana dawa mdomoni ili akaiuze nje hawezi kutamka "shikamoo sista" ikatoka sawasawa.

Kliniki ya kwanza ya namna hii nchini ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011. Zikafuata Mwananyamala na Temeke, na leo ziko hadi Dodoma, Mwanza, Mbeya, Tanga na Arusha. Tiba ni bure. Heroini, yaani unga, ikiingia mwilini inamshika mtu saa chache tu, ikimwachia anaanza kuumwa, kwa hiyo siku yake nzima inaisha kwa kutafuta kete nyingine, kile kipakiti kidogo cha unga. Methadoni inakaa zaidi ya siku moja. Aliyepimiwa dozi yake sawasawa halewi wala haumwi. Anakunywa saa mbili asubuhi, anakwenda kupiga plasta kwenye jengo la watu, jioni yuko na wanawe. Kuna wanaotucheka kwamba tunamtoa mtu kwenye dawa hii tunamtia kwenye ile. Waje wasimame dirishani siku moja wamwone huyo fundi plasta alivyokuwa na alivyo.

Foleni yangu ina wapiga debe, makonda, wavuvi, kina dada wa saluni. Na huwa hakosi mmoja wa aina yenu. Siku moja nilikuwa najaza fomu, nikaandika neno la Kiingereza ndivyo sivyo. Kijana aliyekaa mbele yangu akanisahihisha, kwa adabu kabisa, akaomba na radhi. Nikamtazama vizuri. Kumbe alisoma uhandisi, aliachia mwaka wa tatu.

Nikamuuliza swali ninalowauliza wote: nani alikuwa wa kwanza kujua? Wengi hujibu mama, au mke, au dada. Yeye akasema, "Jamaa niliyekuwa nalala naye chumba kimoja. Alijua hata mimi mwenyewe sijajikubali."

"Akakwambia nini?"

"Hakuniambia kitu, sista. Alihama."

Basi wanangu, wote wanaokuja hapa kuongea wanaongea na yule aliyebaki chumbani. Mimi leo naomba niongee na yule aliyehama.

Kwanza niseme kwamba simlaumu. Alikuwa na miaka ishirini na moja. Jirani yake wa kitanda cha chini anabadilika siku hadi siku, na chuo chao kilikuwa na kanuni iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye ubao wa bweni: ukikutwa na dawa za kulevya, unafukuzwa. Akisema, amemfukuzisha rafiki yake aliyekwishafika mwaka wa tatu kwa jasho la mama muuza vitumbua. Asiposema, siku polisi wakigonga mlango chumba ni chao wote wawili. Akaona heri apange gheto mtaani. Nani hapa angefanya tofauti? Mnyooshe mikono tuwaone. Mmoja. Wewe mwanangu ama ni shujaa, ama hujawahi kukaa bweni.

Niwaeleze kijana yule alifikaje huko, kwa sababu njia yake haifanani na ile ya ukutani. Hakukutana na pusha kichochoroni. Mwaka wa pili mitihani ilikaribia, ana masomo mawili ya kurudia, na wanasema ukishindwa tena unadisko, yaani unaondolewa masomoni. Rafiki akampa mirungi ili akeshe. Ikamkesha kweli, usiku mmoja, miwili, mpaka mtihani ukapita na usingizi ukagoma kurudi. Akaenda duka la dawa, akauziwa Valium bila cheti. Baadaye akaumia goti kwenye mechi ya kitivo, akapewa tramadoli. Goti likapona, tramadoli ikabaki. Tramadoli na unga zinagonga mlango mmoja kwenye ubongo; mwili haujali umeandikiwa na daktari au umepewa na mshikaji. Siku vidonge vilipoadimika, mwenzake akamwambia kuna kitu kinafanya kazi ileile, changanya na bangi uvute. Akasema, "Sindano sitagusa." Hiyo sentensi nimeisikia mara nyingi mno.

Sasa msije mkatoka hapa mkasema sista kasema ukivuta msokoto mmoja utaishia dirishani. Sijasema. Nikisema hivyo mtanikumbuka kwa uongo, maana kila mmoja ana mjomba aliyevuta bangi ujana wake wote na leo ni mzee wa kanisa. Wengi wanaoonja hawafiki kwangu. Shida ni kwamba hakuna kipimo cha kumwambia mtu mapema kama yeye ni wa kundi la mjomba au la kijana wa uhandisi. Na ninyi mna jambo moja la ziada: ubongo wa binadamu unaendelea kukomaa hadi karibu miaka ishirini na mitano, na sehemu inayochelewa kuliko zote ni ile ya kujizuia. Yaani breki zenu bado ziko gereji.

Mambo yanayozunguka vyuoni nitayapitia upesi. Bangi ipo, na ipo ile kali mnayoiita skanka. Yapo mabiskuti na keki zilizotiwa bangi. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imeshazikamata. Hapa nisimame kidogo, kwa sababu biskuti ina hila. Moshi unafika kichwani mara moja, mtu anajua ameshalewa, anaacha. Cha kula kinapitia tumboni kwanza. Inaweza kuchukua nusu saa, inaweza kuchukua saa mbili. Mtu anakula kipande, haoni kitu, anasema nimeuziwa unga wa ngano, anamalizia pakiti. Kisha vyote vinafika kwa pamoja, moyo unakwenda mbio, anaona ukuta unapumua, anaamini anakufa. Na mwingine amekula kwenye bethidei wala hakuambiwa kilichomo.

Mirungi: najua kuna watakaonijibu kwamba ukivuka Namanga ni zao la biashara kama chai. Kweli, Kenya inalimwa kwa sheria. Huku kwetu ni dawa ya kulevya kisheria, hata kama imetoka milima ya Same ambako hakuna haja ya kuvuka mpaka wowote. Na usingizi unaoibiwa na mirungi hauulizi pasipoti.

Vidonge ndivyo vinavyonitisha. Tramadoli ikizidi inaweza kumwangusha mtu degedege ambaye hana historia ya kifafa. Valium juu ya pombe inapunguza pumzi pole pole, mtu anakoroma, wenzake wanacheka wanasema leo kalala kama mtoto. Kesho yake asubuhi haamki. Na pombe yenyewe tusiiruke kwa kuwa inauzwa kwa leseni. Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017, pombe kali ikahamia kwenye vichupa, na vichupa vinaingia kwenye mkoba wa laptop bila taabu.

Unga. Mnamo Desemba 2023 Mamlaka ilitangaza imekamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini, Dar es Salaam na Iringa, ndani ya mwezi mmoja. Tani tatu na zaidi. Mzigo kama ule haukuletwa kwa ajili ya mabweni yenu. Pwani yetu ni njia, jahazi zinashusha, mzigo unaendelea mbele. Lakini bomba linalopita uani kwako halikosi kuvuja, na yanayovuja ndiyo yanayofungwa kwenye kete.

Turudi chumbani.

Wewe wa kitanda cha juu, utaona nini? Msingoje macho mekundu. Macho mekundu hata kusoma usiku yanaleta. Tazama fedha. Bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, la siku sitini ni shilingi 600,000, elfu kumi kwa siku. Kila mmoja wenu anajua raha ya wiki ya bumu, na wengine mtanunua viatu mjute. Lakini mwenzako bumu limetoka Jumatatu, Alhamisi anakukopa nauli, na hana viatu vipya. Laptop "iko kwa fundi" mwezi wa pili sasa. Baadaye simu nayo iko kwa fundi. Kisha chaja yako inapotea, na yeye ndiye anayekusaidia kuitafuta.

Halafu kuna malaria. Hili naomba mlisikilize, kwa sababu ndilo linalowapoteza watu wema. Mwenzako anapiga miayo mfululizo, mafua yanachuruzika, vinyweleo vimesimama kama kuku aliyenyonyolewa, viungo vinauma, anatoka jasho huku anaomba blanketi, anaharisha. Wewe unakimbia kumnunulia dawa mseto. Mchana anatoka kidogo, "naenda kumwona binamu yangu", anarudi saa moja baadaye mzima kabisa, anakula, anacheka. Unasema dawa mseto ya siku hizi kali! Wiki ijayo malaria imerudi, na inarudi kila akiishiwa hela. Wanangu, hiyo ni arosto, maumivu ya mwili unaodai unga. Kwa mtumiaji wa unga inaanza saa nane hadi kumi na mbili tangu alipotumia mara ya mwisho, siku ya pili na ya tatu ndiyo inapomkaba, inalegea baada ya kama wiki. Kijana wangu wa uhandisi aliniambia mwenzake wa chumba alimnunulia dawa ya malaria mara nne. Ya tano akahama.

Nikamuuliza: angekwambia nini ukasikia? Alifikiri muda mrefu, foleni nyuma yake ikaanza kunung'unika. Akasema, "Angeniambia tu kwamba anaona."

Kwa hiyo nawafundisha kusema. Usimwambie akiwa amelewa, utapoteza maneno. Usimwambie mbele ya watu, wala kwenye grupu la WhatsApp la darasa, Mungu apishe mbali. Mtoe mkatembee, watu wanaotembea bega kwa bega hawatazamani usoni na ndiyo nafuu yake. Mwambie ulichoona, acha unachodhani. "Nimeona umeumwa mara nne mwezi huu, na kila mara unapona ukitoka." Hapo nyamaza. Atakuja juu, atakutukana, atasema unamwonea wivu. Kubali kutukanwa. Neno "teja" lisitoke kinywani mwako. Ukishamwita hivyo umemwonyesha mahali pa kwenda kukaa, na huko maskani watampokea vizuri kuliko ulivyompokea wewe. Akikuomba hela, mpe chakula. Akikuomba tena, msindikize. Kuna tofauti kubwa kati ya kumwambia mtu "nenda hospitali" na kumwambia "kesho saa mbili nakungoja getini, tunakwenda wote, nimeshamwomba mwenzetu anikopie notisi".

Na akikataa? Wengi hukataa mara ya kwanza. Mwache, kaa, sema tena mwezi ujao. Aliyeanza tiba akarudi nyuma naye asichekwe. Tena huyo ndiye wa kuchungwa zaidi, kwa sababu aliyekaa miezi miwili bila unga mwili umesahau. Akirudia kiasi chake cha zamani, kinaweza kumuua siku hiyohiyo.

Siku mkimkuta mtu hajitambui, amekoroma au midomo imekuwa ya kijivu, mlazeni kwa ubavu. Maziwa msimpe! Najua kwenu kila sumu dawa yake maziwa. Asiyejitambua ukimmiminia kitu mdomoni kinaingia kwenye mapafu. Wala maji ya baridi, wala ndimu, wala makofi. Mkimbizeni hospitali, mmoja asimwache hata dakika, na mwambieni daktari ukweli wa alichotumia. Ipo sindano ya naloxoni inayomrudisha mtu aliyezidiwa na unga, ila daktari anayeambiwa "alianguka tu bafuni" atapoteza dakika anazozihitaji akitafuta jeraha la kichwa.

Niseme pia kwamba dirisha langu si la kila mtu. Methadoni ni kwa waraibu wa heroini na jamaa zake. Hatumpi tu anayekuja. Tunampima mkojo, tunazungumza naye, wengi wanaletwa na asasi za mtaani au na ndugu. Aliyenaswa na bangi, mirungi au pombe anahitaji ushauri nasaha na wakati mwingine daktari wa afya ya akili, na wapo kwenye hospitali zetu kubwa. Zipo na nyumba za upataji nafuu, zile mnazoziita soba. Nyingine nzuri sana. Nyingine ni ukuta mrefu na kufuli, kwa hiyo mzazi aende akaone kwa macho yake kabla ya kulipa.

Sasa, kwa ruhusa yako ndugu Mshauri wa Wanafunzi, niwageukie wakubwa wenzangu. Nimezunguka vyuo kadhaa kwa kazi hii. Mlango wa ofisi ya ushauri mara nyingi uko kwenye korido ileile ya kamati ya nidhamu. Mwanafunzi akikaa kwenye benchi lile, wapitao wote wanajua ana kesi. Hamwezi kupanga watu wakiri ugonjwa kwenye benchi la washtakiwa. Tafuteni chumba kingine, hata kama ni kile cha stoo nyuma ya zahanati, na mlangoni msiandike chochote kuhusu dawa za kulevya. Andikeni "Muuguzi".

Na ile kanuni ya ubaoni. Muuzaji ni kazi ya polisi na Mamlaka, namba 119 haitozi hela, hapo sina huruma na wala siombi iwepo. Ila anayetumia ni mgonjwa. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu kwenye orodha yake ya maradhi, pamoja na kisukari na presha. Mwanafunzi mwenye kifua kikuu mnamruhusu kuahirisha mwaka, akapate dawa, arudi. Mwenye uraibu aliyejitokeza mwenyewe, au aliyeletwa na mwenzake wa chumba, apewe karatasi ileile ya kuahirisha. Mkishaiandika hivyo, yule kijana wa kitanda cha juu hatakuwa na sababu ya kuhama. Nimeambiwa hapa kwenu kanuni zinapitiwa upya muhula huu. Basi nimekuja siku nzuri.

Kijana wa uhandisi yupo. Ana mwaka wa pili sasa kwenye methadoni, dozi yake imeanza kushushwa kidogo kidogo, anafunga umeme wa majumbani kule Mbagala na anasema wateja wanamwita "injinia" kwa utani bila kujua. Chuoni hajarudi, muda wake ulipita na jina lake lilishafutwa. Wiki tatu zilizopita alimpata mwenzake yule wa chumbani kwenye Facebook. Hajamwandikia bado. Kila asubuhi namuuliza, badala ya salamu, "Umemwandikia?" Anatikisa kichwa, nami namwambia basi toa sauti, nijue umemeza.

Maswali nimeambiwa tuulize hapa ukumbini kwa maiki. Anayetaka kuuliza kwa maiki aulize. Kwa wengine, nimeomba viti viwili viwekwe chini ya ule mwembe nyuma ya kantini. Nitakaa pale hadi saa kumi na moja jioni, nimekuja na chapati zangu. Ukija kuniuliza "kwa niaba ya rafiki yangu", sitakuuliza rafiki yako ni nani.